Taa Iliyotua Kando ya Tikitimaji

Jumanne, Junda

Nimemvunja ndugu yangu jino, na kisa ni taa.

Nilikuwa kwenye mashine ya kamari pale dukani, baada ya kushusha magunia ya viazi soko la Kongowea mchana kutwa. Taa huzunguka kwenye picha za matunda, nawe wabonyeza kitufe kuisimamisha. Ikitua kwenye tikitimaji, umekula. Mara tatu ilitua kwenye chungwa, jirani yake kabisa. Nikajua sasa mkono umeanza kuipatia.

Salimu akaja kunishika bega. "Kaka, twende nyumbani. Mama akuulizia." Papo hapo nikabonyeza. Chungwa tena!

Nikageuka nikampiga ngumi ya mdomo. Alipoanguka nikamwongeza teke. Wallahi niliona yeye ndiye aliyeniibia tikitimaji langu.

Watu wakatuamua. Fundi wa mashine, aliyekuja kubadilisha balbu, akanicheka. "Bwana wee, mwenzio umempigia nini? Kitufe hicho hakisimamishi kitu. Mashine huamua pa kutua kabla hujakigusa, nayo imepangwa ikukose padogo, usiondoke."

Nilitaka kumpasua na yeye.

Salimu amelala chumba cha pili, kitambaa mdomoni. Mama hakuniitikia hata salamu.

Mkono wa kulia umevimba, kalamu naishika kwa shida. Fundi namwamini. Lakini tangu Isha nawaza jambo moja tu, na naona haya kuliandika: kesho nitabonyeza kwa mkono wa kushoto.