Sanda Yangu Umeivaa Wewe

Rahaleo, Mtwara

Shoga yangu Zainabu,

Huko uliko hakuna wa kukuharakisha, basi tulia nikwambie. Imerudi. Ilianza kwenye titi, likakatwa. Ikaja kwenye kizazi, kikatolewa. Juzi daktari kanipiga picha ya kifua, akainyanyua dirishani, akasema safari hii saratani iko kwenye pafu la kulia. Meli ya Dar es Salaam inaondoka Alhamisi, na huko nitapasuliwa mara ya tatu.

Naogopa, Zainabu. Zile mara mbili ulikuwepo wewe, unanikuna mgongo na kugombana na manesi. Sasa nasindikizwa na kaka yangu, ambaye akiona damu huanguka yeye kwanza.

Unakumbuka nilipotoka hospitali mara ya pili, nikanunua bafta ya sanda yangu, nikaifungia sandukuni? Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nyie Wamakonde! Nani kawaita? Sanda hiyo italiwa na mende." Ulikuwa Mmakua mtani usiye na haya, na maneno yako yalinitia nguvu kuliko uji wa hospitali.

Halafu homa ya siku tatu tu, ukaondoka wewe. Masika yale barabara zilikatika, madukani hakuna hata kipande cha nguo nyeupe. Wanawake wakaja kwangu. Walilitazama sanduku tu. Nikatoa ufunguo. Nilikuvisha kwa mikono yangu hii, na tangu siku ile jambo moja linanikaba: naona kama ulikwenda kwenye zamu yangu. Msibani watu walinisubiri mimi, mtani wako, nianze kukuzomea, nidai nguo yangu, wafiwa wacheke kidogo wapumue. Nilishindwa. Nililia tu, watani wenzangu wakanitazama kwa aibu.

Mwanao Somoe naishi naye. Ana miaka kumi, mdomo kaurithi kwako mzima mzima. Jana kaka akaja na furushi. Bafta mpya. "Dada, safari hii tujiandae mapema," akasema, na hakusema kwa ubaya, maskini. Somoe alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akaitazama ile nguo, akaniuliza, "Mama mkubwa, na hii nayo ataivaa nani?"

Mtoto ana mimi tu, na sanda ya kwanza aliiona ilikwenda na nani.

Nikachukua mkasi. Kaka alipiga kelele kama nimemkata yeye. Nimemshonea Somoe mashati mawili ya shule, na kaka amenuna mpaka sasa, chai yangu hanywi. Mshono wa bega umekwenda upande; ungekuwepo ungeuona na ungenicheka.

Sasa acha nikuzomee, maana siku ile sikukutendea haki. Ewe Mmakua mwizi wa sanda! Umetoroka na nguo yangu, sina nyingine ya kujia huko. Usinitandikie mkeka.

Lala salama, shoga yangu. Nakulilia kila siku, hata leo. Mwanao anarefuka haraka, kwa hiyo mashati yake nimeyaachia pindo pana. Mwakani nitalifumua mwenyewe.

Mtani wako,
Fatu