Kiwanda Nilichokifungua Darasani

Strumica,
9 Desemba

Kaka yangu mpendwa Vangel,

Najua ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utadhani mama amefariki. Hajafariki. Hilo nimelitanguliza hata kabla ya salamu, moyo wako utulie. Sasa salamu: hujambo? Wifi Milena hajambo? Kalina anaendeleaje na masomo, na huko Göteborg baridi imeshaanza kuuma? Sisi huku ni wazima. Mama sikio la kushoto limegoma kabisa, ila la kulia linasikia hata yasiyomhusu. Magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui. Mimi nina afya, nimenenepa kidogo, na nimekuwa mwanafunzi.

Umesoma vizuri. Dada yako Ratka, mwenye miaka hamsini na sita, anakwenda chuo na mkoba begani.

Ilianza mwezi wa Agosti. Unamkumbuka mzee Mitko, mwenye karakana ya kushona ninakotunza hesabu? Amestaafu, na mwanawe Spase ndiye bosi sasa. Siku ya kwanza aliziangalia leja zangu za miaka ishirini na saba, akazifungua polepole kama mtu aliyeshika yai, akaniambia, “Shangazi Ratka, hizi ni nzuri mno. Tuzipeleke makumbusho.” Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema kuanzia mwakani hesabu zote ni za kompyuta, na asiye na cheti cha uhasibu wa kompyuta ajiandae kupumzika nyumbani. Kupumzika nyumbani, kaka, na mama yetu! Nilijiandikisha kesho yake asubuhi.

Chuo kiko pale mjini, nyuma ya soko la mboga, na darasa letu ni la jioni, mara tatu kwa wiki. Mwalimu wetu anaitwa Bisera, ana miaka ishirini na saba na subira ya ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni nilimtesa. Kila tarakimu niliiandika kwanza daftarini, ndipo niiingize kwenye kompyuta, kisha nikanakili jibu la kompyuta daftarini nione kama imesema kweli. Bisera akaniambia kwa upole kwamba kompyuta haikosei kujumlisha. Nikamjibu kwamba hata mimi sikosei, lakini mbona ananisahihisha? Na siku programu iliponiandikia kwa wino mwekundu kuwa debiti na krediti hazilingani, nikajikuta nimeiomba radhi kwa sauti, darasa zima likasikia.

Aliyeniokoa na aibu ni Padri Sotir, aliyekaa kompyuta ya jirani. Askofu amewaagiza mapadri wote waweke hesabu za kanisa kwenye kompyuta, kwa hiyo na yeye yupo, kanzu yake nyeusi na ndevu zake mpaka kwenye kibodi. Kila akiwasha mashine anapiga ishara ya msalaba. Nikamuuliza anaiombea nini. Akasema haiombei yeye, anajikinga nayo.

Mwezi wa pili wa masomo yetu Bisera akatupa zoezi kubwa la kozi nzima. Kila mmoja aunde kampuni ya kubuni kwenye programu, aipe mkurugenzi, wafanyakazi wasiopungua kumi, mishahara, bidhaa na wateja, kisha aiendeshe mpaka mwisho wa muhula. Padri akafungua kiwanda cha mishumaa. Kikafilisika ndani ya wiki tatu, maana kila mteja aliyeshindwa kulipa alimfutia deni. Bisera akamwambia, “Baba, kwenye programu hii hakuna kitufe cha msamaha.” Padri akatikisa kichwa akasema ilionekana tangu mwanzo kwamba walioitengeneza hawakubatizwa.

Mimi nikafungua kiwanda cha ajvar, hizi pilipili hoho zetu za kuchoma na kusaga. Anwani nikaweka ya nyumbani kwetu. Wafanyakazi nikaandika majirani: Dona mke wa mchinjaji amenye, Pande avute kuni, na kadhalika. Majirani wakaniishia kwa tisa. Wa kumi nikamwandika Belka. Wewe Belka humjui, ni mbuzi wa mama, mweupe, ana tabia mbaya. Programu ilikataa mfanyakazi asiye na jina la ukoo, basi nikampa la kwetu: Belka Manevska, msimamizi wa maghala, mshahara denari elfu ishirini na nne. Nilicheka peke yangu mpaka padri akanitazama.

Kaka, kiwanda kile kilistawi! Kufikia Oktoba tulikuwa tunauza ajvar mpaka Slovenia. Nilikuwa natoka kazini mbio ili nikaangalie maghala yangu yanaendeleaje.

Jioni moja kompyuta yangu ikatoa harufu kama soksi inayoungua na kuzimika. Bisera akanipeleka kwenye ofisi ya mhasibu wa chuo, aliyekuwa hospitalini na mawe kwenye figo, akaniweka kwenye kompyuta yake. Programu ni ileile, akaniambia, ila hii imeunganishwa na ofisi ya kodi, kwa sababu mhasibu anatumia hapohapo kupeleka taarifa za chuo. Nifanye kazi yangu yote, nisiguse tu kitufe cha kijani. Kitufe kikabonyezwa, na taarifa yangu ya mishahara ya mwezi ikaenda ofisi ya kodi. Nilimwambia Bisera mkono uliteleza. Tukangoja siku tatu, nne, kimya. Tukasema labda mashine yao imeitupa.

Haikuitupa. Wiki tatu baadaye, Jumanne saa tisa alasiri, narudi kutoka kazini nakuta gari la serikali mbele ya geti letu. Uani amesimama mwanamke wa makamo mwenye miwani na jalada, na kijana mrefu asiyesema kitu. Mama yuko kibarazani anamenya pilipili. Nikasikia neno “wafanyakazi”. Nikabaki nje ya geti kama mwizi, nasikiliza.

Baadaye nilijua walikuwa wakaguzi wa kodi, wametumwa kutafuta kiwanda kisichosajiliwa kinacholipa watu kumi mishahara. Lakini mama, kwa sikio lake moja, alidhani ni watu wa mifugo, waliokuja kwa ajili ya ile ruzuku ya mbuzi aliyoiomba tangu majira ya kuchipua. Nakuandikia walivyosema, neno kwa neno, maana sitayasahau mpaka kaburini.

Mkaguzi akauliza, “Mama, Belka Manevska yuko hapa?”

“Yupo,” akasema mama, amefurahi kweli. “Siku hizi mnawaandika na jina la ukoo? Vizuri. Yuko nyuma ya nyumba, nimemfunga.”

“Umemfunga?”

“Asubuhi namfunga, jioni namfungua. Nisipomfunga anakwenda kwa majirani kuwalia kabichi.”

Mkaguzi akamtazama mwenzake. “Na mnamlipa kiasi gani?”

“Kumlipa!” Mama akacheka mpaka kisu kikamdondoka. “Anakula, analala pakavu, anataka nini tena? Na kofi moja moja akinisumbua.”

“Kofi?”

“Bibi wee, wewe humjui. Mwaka jana alimpiga Pande kichwa cha tumbo.”

Nikaona kalamu ya mkaguzi inakimbia. Akauliza kwa sauti ya chini, ile ya kusemea na mgonjwa, kama huyo Belka ana watoto. Mama akasema amezaa mara tatu, na sasa ni mjamzito tena. Watoto wako wapi? “Wawili tuliwauza kule Radoviš,” akasema mama, “na mmoja tulimla Pasaka.”

Kalamu ikasimama. Kijana mrefu akarudi nyuma hatua moja, akakanyaga beseni la pilipili.

Hapo ndipo nilipolisukuma geti. Nikaingia napiga kelele, “Ni mbuzi! Ni mbuzi!” na mama akanikaripia kwamba bila shaka ni mbuzi, serikali itajia nini, farasi? Tukaenda wote nyuma ya nyumba. Belka akatutazama, anatafuna. Yule kijana akasema maneno yake ya kwanza siku ile: “Kweli ni mjamzito.” Mkaguzi, anaitwa Bibi Ljupka, akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akavua miwani, akacheka mpaka akalia. Mama akawapa mkate na ajvar na rakija kidogo, ile pombe yetu kali. Kijana akala mikate mitatu.

Lakini jalada likishafunguliwa, akasema Bibi Ljupka, halifungwi kwa kicheko. Akafuta machozi akauliza: na huyu mkurugenzi, Vangel Manevski, naye ni mbuzi?

Ndiyo, kaka. Mkurugenzi nilikuandika wewe.

Mama akasikia jina lako kwa sikio lililobaki. Akaacha kumimina rakija. Akamjibu Bibi Ljupka kwamba huyo si mbuzi, huyo ni mwanawe, yuko Sweden, huu ni mwaka wa tisa hajarudi, na kama serikali ina njia ya kumrudisha kwa sababu za kodi, yeye mama anakubali.

Chuoni mambo hayakuchekesha. Mkuu wa chuo alitaka kumfukuza Bisera kwa kumwacha mwanafunzi kwenye kompyuta ile. Msichana wa watu alikuwa na mkopo wa nyumba, na hakunilaumu hata kwa jicho. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikapanda ofisini kwa mkuu, Padri Sotir akanisindikiza ingawa sikumwomba, nikasema mkono wangu haukuteleza. Nilikibonyeza kile kitufe kwa kukusudia, mwalimu alikuwa amenikataza wazi. Mkuu akauliza sababu. Nikasema sababu ni ya kifamilia. Mimi nikaahirishiwa mtihani mpaka Februari, na Bisera akabaki na barua ya onyo. Nilipomwambia Spase kwamba cheti kitachelewa alikohoa, akasema sawa, leja ziendelee kwanza, kwa sababu kompyuta mpya aliyonunua bado imo ndani ya boksi na hakuna anayejua waya gani unaingia wapi. Kwa hiyo kazi ninayo.

Mkuu sikumwambia sababu. Wewe nakuambia.

Kwenye programu kuna safu ya mahudhurio. Kila mfanyakazi anawekewa alama kwa kila siku aliyofika kazini. Dona nilimpa siku za ugonjwa, Pande nilimkata siku mbili kwa ulevi. Wewe nilikuweka umefika. Kila siku. Vangel, yupo. Vangel, yupo. Wiki ile kompyuta yangu ilipoungua, Bisera alikuwa ametutangazia kwamba Ijumaa kampuni zote zitafutwa, waanze wanafunzi wapya. Nikakaa mbele ya kitufe cha kijani. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Ikaniuliza tena. Nikawaza, angalau mahali pamoja serikalini patakuwa na karatasi inayosema kaka yangu yuko nyumbani. Nikabonyeza.

Na kuna jingine, zito kuliko hilo. Siku ya arobaini ya baba, mbele ya ukoo mzima na sahani mikononi, nilikuambia baba alikata roho akiutazama mlango, anamngoja mwanawe ambaye hakuja. Ukaweka sahani yako chini, ukaenda kituo cha basi, na tangu siku ile simu yangu hupokei. Una haki.

Haikuwa kweli, Vangel. Baba alikufa usingizini, mchana, baada ya supu ya maharage ambayo alilalamika haina chumvi. Kabla hajalala nilimuuliza kama nikupigie uje. Akasema, “Mwache mtoto afanye kazi, atakuja kiangazi.” Akageukia ukutani akalala. Hakuutazama mlango hata mara moja. Aliyekuwa anautazama ni mimi, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu na yale yanayokuja. Nikakuhukumu kwa uongo, na kwa miaka tisa nimeona ni rahisi kukukasirikia kuliko kukuandikia mistari hii mitano. Nisamehe, kaka.

Sasa jambo la ofisi. Ndani ya bahasha kuna karatasi moja ya serikali. Ni tamko kwamba hujawahi kuwa mkurugenzi wa kiwanda chochote cha pilipili. Tia sahihi pale palipo na alama ya msalaba. Wanataka ya wino, si ya simu. Unaweza kuirudisha kwa posta. Nilimuuliza Bibi Ljupka kama mhusika anaruhusiwa kuileta mwenyewe. Akasema anaruhusiwa, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwamba ofisi inafungwa saa kumi, lakini kwa mtu anayetoka mbali kiasi hicho yeye binafsi angengoja mpaka saa kumi na moja.

Mpe wifi mkono wangu, na Kalina mbusu paji la uso kwa niaba ya shangazi asiyemjua. Mama hajui kwamba nimekuandikia, ila leo ameniuliza mara mbili kama bado nina stempu.

Dada yako,
Ratka