Ngitili ya Samaki wa Mama Zahra

Kalangalala, Geita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mvua zimefika huko Mhunze au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mzima, ila vidole vimechubuka kwa maji ya chumvi. Barua hii anakuletea binamu Shija, maana kwenye simu unanikatisha kila nikitaja samaki. Mwanangu Limi akusomee polepole, na usicheke kabla hajamaliza.

Unajua nafanya kazi za ndani kwa Baba Zahra, yule muuza vipuri. Mkewe anafuga samaki sebuleni, kwenye sanduku la kioo lenye maji ya chumvi. Si wa kula, baba, ni wa kutazama. Hata chumvi yake inaagizwa, hii ya kupikia haifai. Anaowapenda kuliko wote ni wawili waitwao mandarini, dume na jike, wadogo kama kidole, bluu yenye michirizi ya rangi ya chungwa kama kitenge kipya. Ni zawadi ya binti yao Zahra, aliye masomoni ng'ambo; aliwaagizia kutoka Dar. Mama Zahra huwasalimia asubuhi kabla yangu.

Wageni wa Idi walipokaribia, niliona mawe ya humo ndani yana utando wa kijani, nikaona aibu. Unajua mama alivyotulea: sufuria isiyong'aa ni ya mvivu. Nikayatoa, nikayasugua kwa brashi na maji ya bomba mpaka yakawa meupe. Wageni walisifu, nami nikavimba kichwa.

Baada ya wiki mbili mandarini walikuwa wamekonda, matumbo yameingia ndani kama ng'ombe wa kiangazi. Chakula cha kopo hawakigusi. Baba Zahra akampigia aliyewauza, huko Dar, ndipo tukajua: samaki hawa hula vidudu hai vidogo kama vumbi, navyo huishi kwenye mawe, katika utando ule ule. Nilitamani kunyamaza. Nikasema, "Mama, mawe niliyaosha mimi." Hakunifokea. Alilia, na heri angenifokea.

Muuzaji akatuma chupa mbili za vidudu kwa ndege hadi Mwanza. Ya kwanza tuliwamwagia samaki yote, na siku ya tatu hapakuwa na kidudu hata kimoja. Baba Zahra akaishika ya pili.

"Bosi, usiimwage," nikamwambia. "Kwetu ng'ombe hawaachiwi malisho yote. Tunatenga ngitili, haingii ng'ombe mpaka kiangazi."

"Kabula! Samaki anakufa njaa mbele yako, unaniambia nifiche chakula?"

"Ukimwaga leo watashiba leo. Kesho utawapa nini?"

Mama Zahra ndiye aliyeamua. "Mwache ajaribu."

Tukaweka sanduku dogo la kioo pembeni, lina maji yale yale, mawe, majani ya baharini na taa, bila samaki. Vidudu tukavitia humo, na samaki tukawa tunawapa kijiko kimoja kimoja. Siku ya tano dume akafa. Niliogopa, baba. Nilifunga nguo zangu kwenye begi, nikaamini kabisa kwamba nimemuua kwa ubishi wangu.

Lakini vidudu vilizaana, mpaka kioo cha lile sanduku dogo kikawa kama kimenyunyiziwa unga. Tukaunganisha masanduku kwa mpira wa maji, vikawa vinapita na maji kidogokidogo. Huu mwezi wa pili, jike amenenepa tena, anadonoa mawe kutwa. Siku hizi mawe yana utando, nami siyagusi.

Nisalimie mama mdogo Nkamba anayekupikia, na kaka Masunga mwenye ng'ombe. Limi asome kwa bidii, mama yake anamkumbuka kila siku.

Jumapili alikuja rafiki yao wa Mwanza, naye anafuga samaki. Akainama kwenye ile ngitili yetu ya kioo, akatazama weee, kisha akauliza ni mtaalamu gani aliyewafundisha. Mama Zahra akamjibu, "Baba yake Kabula, mfugaji wa Mhunze. Bahari hajawahi kuiona." Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha.

Bintiyo,
Kabula