Pumzi za Kuazima

Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu kaja jioni, viatu mkononi, miguu imevimba. Wenzake huvimba kwa kusimama, yeye kwa kukaa! Kutwa mbele ya kompyuta. Ndiyo kazi aliyoisomea mpaka tukadhani hatarudi — takwimu za moyo na mapafu. Marehemu mama hakuielewa hata siku moja. Majirani wakimuuliza kama mwanawe ni daktari, alijibu kwamba hatibu mtu, anahesabu wanaotibiwa.

Sasa anahesabu pumzi za watu wa machimboni, wale wanaoishi kwenye vumbi la kiwanda cha kokoto. Wanapulizishwa kwenye mashine, namba zinaletwa kwake. Akisema mapafu yameharibika, kiwanda kitalazimishwa kuzuia vumbi. Akisema ni mazima, basi tena. Watalimeza mpaka kiama.

Leo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Eti kuna bibi kizee huko, wajukuu wake wana ndevu, lakini anapuliza kama farasi. "Dada, bibi yule akipiga chafya, paa linang'oka!" Tukacheka, tukashikana. Kisha akaweka kikombe chini. Akasema wako wengi wa namna ile, na wote wamepimwa na mpimaji mmoja. Wanapuliza sawasawa, kama mtu mmoja aliyebadilisha majina. Mpimaji mwenyewe hamjui. Kwake wapimaji ni namba tu, ili asipendelee mtu.

Nikamhadithia baba watoto wakati wa chakula. Yeye ni mpimaji huko huko, nilijua atacheka. Hakucheka. Akauliza chumvi iko wapi.

Chumvi ilikuwa mbele yake.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nawasha jiko na vile vidomo vya karatasi ngumu. Kila mgonjwa hupuliza kwa kidomo chake, kikishatumika kinatupwa. Baba watoto huniletea vilivyobaki — vinashika moto upesi. Miezi yote hii nimeviwasha nikimshukuru Mungu kwa mume anayekumbuka jiko.

Leo nimekishika kimoja nikakitazama. Kimefungwa kwenye plastiki. Hakijaguswa na mdomo wa mtu. Nikaenda stoo. Gunia zima!

Vimebakije vyote hivi, na kazi anasema imekamilika? Kama watu hawakupuliza, nani kapuliza?

Chai ilikuwa imeshachemka. Imenishinda. Nimeimwaga.

Jumatano, 5 Juni

Nimemuuliza. Kwanza alinikaripia, eti naingilia kazi za ofisi. Baadaye akalegea.

"Mama watoto, wewe hujui. Wanakohoa wale. Unamwambia mtu puliza mpaka mwisho, anashika kifua, anatema. Mashine inakataa, inasema rudia. Akirudia, inakataa tena. Na msimamizi anataka kazi iliyokamilika. Basi, nikawa nawasaidia."

Kuwasaidia! Mpiga tarumbeta wa kanisa, mashavu kama mpira, ndiye anayewapulizia wagonjwa wa kifua! "Si nimewapa pumzi yangu bure?" Anasema hivyo kama mtoa sadaka.

Kisha akala. Akaongeza. Nikautazama ule mdomo unavyotafuna, midomo inang'aa mafuta, nikaisukuma sahani yangu. Ndio mdomo unaomsifu Mungu kila Jumapili. Bwana nisamehe, huyu ni mume wangu wa ndoa. Lakini kinyaa hakiombi ruhusa.

Na kazi yenyewe aliombewa na mdogo wangu. Hapo ndipo panaponichoma.

Ijumaa, 7 Juni

Mdogo wangu kapita akitoka kazini. Amepeleka habari kwa bosi wake, yule profesa. Anasema alimkuta anamenya chungwa. Akamsikiliza huku anakula, maji yanamtiririka kidevuni, akajifutia karatasi ya mdogo wangu — ile aliyomchorea kumwonyesha kasoro! "Binti yangu," akamwambia, "usitafute chawa kwenye kichwa kilichonyolewa." Wafadhili wanaisubiri ripoti. Nafasi ya mkuu wa kitengo cha takwimu iko wazi, na kiti ni cha mdogo wangu, mradi ripoti itoke kwa wakati. Akitaka, awatoe tu hao wenye mashaka, ahesabu waliobaki.

Nikasema, si uwatoe basi yaishe? Alinitazama kama mwalimu aliyechoka.

"Dada, asiyeweza kupuliza ameshajibu. Hao ndio wagonjwa wenyewe. Nikiwatoa, watabaki wazima tupu, nami nitaandika kwamba vumbi halina neno. Ni sawa na kuuliza njaa kwa walioshiba."

Nilitaka kumwambia. Wallahi — eh, Mungu wangu, nimeapa, na maandiko yanakataza kuapa — nilitaka. Nikasema, kula mwanangu, umekonda.

Nimejionea kinyaa mimi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Baba watoto kalichoma lile gunia nyuma ya nyumba. Plastiki inanuka hadi kwenye mashuka. Kabaki shahidi mmoja tu, naye ni mimi.

Mchana anafanya mazoezi ya tarumbeta. Nimefunga mlango. Nimefunga na dirisha.

Alhamisi, 13 Juni

Mdogo wangu kapiga simu, sauti chini. Amemkatalia profesa: haitii sahihi ripoti. Profesa hakugomba. Alitabasamu, akamtajia jina la mpimaji. Kumbe alilijua siku zote! "Si shemeji yako huyo? Na nani alimfungulia mlango? Ukisema, binti, utaanza kujitaja wewe. Hapa tunalindana."

Tunalindana! Hata fisi hulindana kwenye mzoga.

Kisha akaniuliza: "Dada, ulijua?"

Nikasema simu inakatakata, simsikii.

Nilimsikia vizuri mno.

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka ibadani, hatujavua hata nguo za kanisani, mdogo wangu huyo mlangoni na mkoba. Ndani ya mkoba, ile mashine.

Baba watoto akajitia mzaha. "Shemeji! Leo Jumapili hata mashine inapumzika!"

Hakumjibu kwa mzaha. Akasema profesa yule ni mwongo, na hataki kumhukumu shemeji yake kwa mdomo wa mwongo. "Nipulizie hapa. Ikilingana na zile namba za bibi na wenzake, naandika barua kwa wafadhili, na jina la kwanza litakuwa langu, mimi niliyekuleta. Kiti chao wakae nacho. Isipolingana, nitakuomba radhi kwa magoti."

Yule bwana akachukua kidomo. Akapuliza.

Kifaranga angepuliza zaidi! Mtu ambaye leo hii madhabahuni kaivuta sauti ya mwisho mpaka mchungaji akabaki mkono juu akimsubiri! Mdogo wangu akasema rudia. Akarudia. Mashine ikakataa. Rudia tena, shemeji, mpaka mwisho.

Akashika kifua. Akakohoa. Siyo kikohozi chake, nakijua kikohozi chake. Hiki kinaanzia chini, kinakwaruza, kinaishia kwa kutema kwenye leso. Ni kile cha watu wa machimboni. Kakaa nao, kawasikiliza, kajifunza! Kwanza aliwanyang'anya ugonjwa wao akawapa pumzi yake. Leo kajivika ugonjwa wao, kwenye kochi langu, na tai ya kanisani shingoni.

Nilihisi mate yananijaa mdomoni.

Mdogo wangu akaizima mashine. Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yale ya utotoni, aliponiuliza kama mama atapona.

"Dada, wewe ndiye unayelala naye. Hii ndiyo pumzi yake?"

Nikasema ngojeni nimletee maji.

Sasa niko jikoni, naandika nimesimama. Watoto watakula nini akifukuzwa? Na mdogo wangu, baada ya miaka yote ile ya kusoma? Na wale wa machimboni, ambao hata majina yao siyajui? Nimeomba. Sijasikia kitu, ila yeye — anakohoa tena, kwa nguvu, ili nisikie huku.

Glasi imejaa, inamwagikia miguuni.

"Dada?" ananiita. "Nakusubiri wewe."