Mamba wa Kijani wa Mto Zigi

Muheza, milimani

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Kifua cha mama kimepoa? Na mwanao ameanza kutembea? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, na baba mdogo anayenilea huku hajambo. Barua hii isome peke yako.

Mwalimu wa biolojia alitutuma tuhakikishe kama Mto Zigi, huku juu msituni, uliwahi kuwa na mamba. Wenzangu wakacheka, "Mpeni Bi Vitabu, atawavua maktabani!" Niliitaka kazi hiyo kwa ajili ya kaka Hamadi. Unakumbuka tulivyoletewa habari Pemba: alikuwa huku kwa baba mdogo, akaenda kuoga mto huuhuu, zikabaki ndala zake juu ya jiwe. Wazee wakasema ni mamba, maana imeandikwa tangu enzi za wakoloni kuwa wapo. Tukasoma hitma bila kaburi.

Maandishi hayo nimeyaona. Karatasi ya Kiswahili inasema, "Mamba wa kijani aliuawa kando ya mto." Nikaomba ile ya Kiingereza iliyotafsiriwa. Nayo imeandikwa mamba vilevile. Lakini dada, kwa Kiingereza mamba ni nyoka! Huyu wetu wa majini wanamwita kwa jina jingine kabisa. Mfasiri hakugutuka, na rekodi nyingine hakuna.

Nikamwuliza bibi mmoja ambaye amefua mtoni pale tangu utoto wake. Akacheka. "Mamba wa wapi, mjukuu wangu? Hao ni kenge, wezi wa mayai!"

Baba mdogo aliponisikia alisema, "Maji nayo yanaua, mwanangu. Usifukue." Lakini maji humrudisha aliyezama, na walimtafuta mpaka kule bondeni mto unakopungua kasi, wasimwone.

Kwenye ripoti nimeandika kwamba mamba hawajathibitishwa. Mwalimu akanisifu mbele ya darasa, nikatoka nje kulia. Mamba yule alikuwa ametupumzisha kungoja. Juzi sokoni nilimwona kijana mwenye mabega ya Hamadi, nikamkimbilia huku nikimwita. Akageuka. Siye. Akaniuliza kwa upole, "Vipi mdogo wangu, umepotelewa na nani?" Nikamwomba radhi, nikaondoka.

Nisalimie bibi mzaa baba, na shangazi Time anayetupikia mikate ya kumimina. Mama mwambie nasoma vizuri, basi. Akijua haya ataanza tena kulala bila kutia komeo mlangoni. Mmoja wetu akimngoja kaka inatosha.

Ni mimi mdogo wako,
Salma