Si Jicho Langu Lililoua Kompyuta

Timbwani, Likoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hapo Lamu magoti yamepungua kukuuma, na Baba amekubali kumeza dawa zake. Mimi mwili mzima. Ni moyo unaotokota.

Mama, mwanao ameitwa mwenye kijicho! Ile kompyuta aliyoileta shemeji kutoka safarini, ndiyo ninayopigia chapa kitabu cha masomo ya chuo cha mume wangu. Kila nikifika kati, yaganda, na kazi yote yapotea. Wifi yangu Mwanaisha akikaa kucheza karata humo, haina neno. Basi mavyaa, mamake mume wangu, akahukumu: "Inakufa mkononi mwako tu. Jicho hilo." Akakata pindo la leso yangu, ile uliyonivisha siku ya harusi, akalichoma kwenye chetezo pamoja na ubani, akaifukiza kompyuta mbele ya majirani, ati kulitoa jicho langu. Mume wangu akatazama chini. Wallahi sitasahau.

Kesho yake ikaganda tena. Nikachomoa waya wa umeme, nikashika bisibisi, nikaifungua. Ndani mna vibao viwili vya memori, ndivyo mashine inavyoshikia kazi inayoendelea. Nikayasugua meno yake kwa raba, nikavirudisha, wapi! Nikatoa cha pili, nikabakisha cha kwanza, nikapiga chapa toka asubuhi hadi adhuhuri. Ilikwenda polepole, lakini haikuganda hata mara moja. Hapo nikabadilisha: nikakiweka kile cha pili peke yake, palepale pa mwenzake. Nikamwita Mwanaisha acheze, mimi nikaenda zangu jikoni kukuna nazi. Punde namsikia: "Wifi! Karata zimeganda!"

Kibao kibovu, Mama! Karata ni kazi nyepesi, vilipokuwa viwili hazikuwa zikikifikia. Kitabu kirefu ndicho kilichokuwa kikikifikia.

Nikakitia kiganjani mwa mavyaa mbele ya majirani: "Jicho lenyewe hili hapa." Unajua alinijibu nini? "Alhamdulillahi, ubani umelitoa." Ati ubani! Na majirani wakaitikia.

Usiniandikie nisubiri, nimeshasubiri. Nataka uje, ukae ukumbini mwake, waitwe majirani wale wale, anitake radhi. Akikataa, narudi nawe Lamu.

Nisalimie Baba, na dada mkubwa na wanawe, na shangazi mshona kofia. Mwambie macho yangu hayana kosa.

Na usininunulie leso nyingine. Siku hiyo nitajitanda ile ile iliyokatwa.

Mwanao mwenye hasira,
Rukia