Mihogo ya Siku ya Tatu

Mujukuu wangu Riziki,

Hapa Baraka tuko wazima, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Unaniuliza ufanye nini na ule mutoto uliyemupokea, anayefunga nguo zake kila asubui kama mwenye safari. Barua yako ilinishitua, sababu mimi pia nilifunga zangu hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi, wakati wa utawala wa Babeleji. Mama alikufa, na Mama Nyota, rafiki yake, akanichukua. Kila asubui niliweka kifurushi changu nyuma ya mulango. Siku moja akakifungua kwa hasira.

"Bajirani batasema nakufukuza!"

Nikakimbia mpaka kwenye mitumbwi. Alinifuata, lakini hakunipiga. Alinipeleka mutoni na kitunga cha mihogo mibichi.

"Loweka. Hii ni yako. Siku ya tatu utaitoa mwenyewe, mimi siigusi."

Nikaogopa: nikienda, nani ataitoa? Itaoza. Nikangoja. Nilipoitoa, akanipa mingine.

Sikumbuki siku niliyoacha kufunga. Lakini mpaka leo, nikiamuka, ninaangalia kwanza nyuma ya mulango.

Nijibu upesi, hata neno moja tu: leo amefunga?

Mimi koko wako,
Mapenzi